Kimoja Chako, Kimoja Changu

Nesi Benedicta alisema vidonge viwili kila siku, na Mbuke akaitikia kwa kichwa. Nyuma yake foleni ya wanawake ilikuwa imetoka chumbani, ikapita barazani na kuishia kwenye miti ya mikaratusi, kwa hiyo nesi alisema kwa haraka. Alimweleza kwamba ndani ya kizazi chake kuna makovu, yaliyobaki tangu aliposafishwa baada ya ile mimba iliyoharibika. Makovu hayo yameshikanisha kuta za kizazi, ndiyo maana haoni tena siku zake. Dokta Liberatus atayakata. Lakini kabla ya kukata, ngozi ya ndani lazima ilishwe kwanza, inenepe, la sivyo kidonda kitashikana upya.

"Hivi vidonge ndivyo chakula chake," alisema Benedicta, akimkabidhi chupa. "Utasikia kichefuchefu, na kifua kitajaa kidogo. Usiogope. Dokta hana kituo kimoja, anazunguka hospitali nyingi. Atafika hapa mvua zikikaribia. Ukimkosa, mpaka mwakani. Na ukiona damu baada ya upasuaji, damu yako ya kila mwezi, hapo ndipo utajua kizazi kimefunguka. Haya, mama anayefuata!"

Faustin, mume wa Mbuke, alikuwa nje ya geti pamoja na waume wengine, maana kliniki ya kina mama haikuruhusu mwanamume kuvuka ua. Alipomwona mkewe anakuja alisimama akajipangusa vumbi la suruali.

"Wamesemaje?"

"Wamesema viwili kila siku."

Faustin aliitazama chupa, akatabasamu polepole. "Kumbe na wao wanajua," alisema.

Walikotoka, kaskazini, dawa ya kutafuta mtoto haikunywewa na mtu mmoja. Mganga alipika chungu kimoja, mume akaanza, mke akamalizia. Mume aliyemwachia mkewe chungu kizima alihesabiwa sawa na anayemtuma mwenzake shamba halafu yeye akabaki kivulini. Watu wao walipohamia Usangu na ng'ombe wao, desturi hiyo nayo walihama nayo. Na hawa walikuwa watu wawili, na vidonge vya siku viwili. Hapakuwa na la kuuliza.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi baada ya kukamua, Mbuke aliingia ndani na kikombe cha maziwa ya moto. Alifungua chupa, akatoa viwili, akaviweka kiganjani.

"Kimoja chako," alisema.

"Kimoja changu," alijibu Faustin, akameza, akakunja uso. "Kidogo hivi, halafu kichungu kama deni la mjomba."

Kisha walicheka kwa sauti ya chini, kwa sababu dawa ya namna hiyo haitangazwi, hata kwa mama mzazi aliye nyumba ya pili.

*

Vidonge vilianza kumsumbua Faustin kabla ya Mbuke. Mbuke alisikia kichefuchefu kidogo akinusa mafuta ya taa, basi. Faustin alisikia kichefuchefu akinusa kitu chochote: samadi, sabuni, chai, ubwabwa wa mpunga mpya ambao wilaya nzima iliusifia. Alianza kuamka mapema kuliko jogoo ili atapike kwa amani nyuma ya zizi.

Siku moja alipeleka mpunga mashineni Rujewa. Alikuwa mtu mwenye nguvu, aliyezoea kukumbatia gunia kifuani na kulitembeza kama anacheza nalo. Alilikumbatia, akapiga yowe, gunia likaanguka.

"Vipi, ng'wana Budeba?" aliuliza Danieli, mwendesha mashine, akimwita kwa jina la baba yake, akiwa mweupe kwa vumbi la pumba. "Umechomwa na mwiba?"

"Kifua."

"Kifua cha kukohoa?"

"Hapana. Kifua… kifua tu."

"Basi kama ni kifua tu, tumia mgongo!" alisema Danieli, na watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka mpaka mmoja akakaa juu ya gunia la mwenzake.

Nyumbani Faustin alijifungia, akavua shati mbele ya kipande cha kioo. Alijitazama upande wa kulia, akajitazama upande wa kushoto. Alivaa shati upesi, na juu ya shati akavaa koti zito alilonunua Iringa kwa ajili ya baridi. Alishinda na koti hilo katika jua la Usangu, na kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba ana homa.

Mama yake hakuamini homa. Watu walimwita Mama Nkuba, kwa jina la mtoto wake wa kwanza aliyebaki kaskazini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, ambaye akiamka huwa ameshaamua. Asubuhi moja alizunguka zizi kutafuta ndama, akamkuta mwanawe ameinama, ameshika mti wa zizi kwa mikono miwili.

"Faustin! Unatapika?"

"Ni maziwa ya jana, mayu."

"Na juzi?"

"Juzi ilikuwa nyama."

Mama Nkuba aliweka mikono kiunoni. Uso wake ulianza kufunguka kama mtu anayetambua jamaa kwa mbali. "Baba yako naye alisema hivyo hivyo. Alisema ni samaki. Samaki huyo ndiye Nkuba, kaka yako. Mara ya pili akasema ni ugali wa uwele." Alimsogelea. "Ugali wa uwele ndio wewe!"

"Mayu, tafadhali, taratibu…"

Lakini Mama Nkuba alikwisha kuinua uso na kupiga vigelegele. Ng'ombe waligeuka. Jirani wa kwanza alitoka akidhani kuna harusi, wa pili akidhani kuna moto. Mbuke alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamkuta mama mkwe wake anaruka mbele ya mume wake, na mume wake anajifuta mdomo kwa mkono wa koti.

"Mbuke!" alilia Mama Nkuba. "Mbona hukuniambia? Mume akitapika hivi, mke ana mzigo!"

*

Yaliyofuata yalikuwa kama sikukuu ambayo mtu amesahau kuifunga. Mbuke alinyang'anywa ndoo, akanyang'anywa jembe, akanyang'anywa hata ufagio. Aliwekwa kwenye kiti cha mgongo, kile cha wageni, chini ya paa, na kila aliyepita alimletea kitu: maini, asali, ndizi za Tukuyu zilizokuja na lori, mto wa pamba. Jirani mmoja, Regina, ambaye miaka yote alimwita "yule dada," alianza kumwita "mama." Mbuke alijaribu kukataa, lakini kila alipofungua kinywa alikuta kicheko kimetangulia.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Kalinga, alikuja kumpa Faustin mkono.

"Hongera, kijana. Naona umevaa koti kabisa, umeanza likizo ya uzazi."

"Nina homa, mzee."

"Homa hiyo mimi naijua. Mwenzio nilitapika hadi nikapewa kazi ya kukaa. Tofauti ni kwamba mimi sikunenepa." Akamtazama kifuani, akafikicha macho, akaamua ni koti.

Wakiwa peke yao, Mbuke alimvuta mumewe shati.

"Unadhani ni kweli?"

"Wewe unajisikiaje?"

"Najisikia kichefuchefu kidogo. Kifua kimejaa kidogo."

"Si nesi alisema utasikia hivyo? Kwa ajili ya vidonge?"

"Alisema mimi nitasikia. Hakusema wewe utasikia." Mbuke alishusha sauti. "Faustin, kama ni vidonge, wewe unatapikia nini?"

Faustin alivuta koti kifuani. Alifikiri kumwambia habari ya kifua chake, lakini ulimi ulikataa. Kuna mambo ambayo mume anaweza kumweleza mkewe, na kuna mambo ambayo hata yeye mwenyewe bado anatumaini kwamba ni uvimbe wa mbu.

Mbuke hakuwa na njia ya kujua. Mwanamke mwingine angesubiri siku zake. Yeye siku zake zilikuwa zimekoma kwa zaidi ya mwaka. Alijilaza akaweka mkono tumboni, akasikiliza, akacheka peke yake, kisha akaogopa kile kicheko. Kama kulikuwa na mtoto, kisu cha daktari kingemuua. Na kama hakuwepo, naye akabaki nyumbani kulishwa maini, daktari angepita na kwenda zake, na makovu yangekaa mwaka mwingine ndani yake.

Mawingu yalipoanza kusimama juu ya milima upande wa Mbeya, aliamka akafunga kanga mbili na blanketi.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mama Nkuba.

"Hospitali, mayu. Dokta Liberatus amefika, au yuko njiani."

"Mwenye mimba haendi kwenye kisu. Huo si ugonjwa, ni baraka. Utamwambia Mungu nini, kwamba alileta ukampeleka akachinjwe?"

"Kama ameniletea, dokta ataona."

"Macho yake yana nini ambacho yangu hayana? Nimezaa sita."

"Mayu, wewe umemwona Faustin. Mimi hujaniona." Mbuke alisema kwa upole, lakini hakukaa. "Nikibaki na kumbe hakuna kitu, maini haya yote nitayalipaje? Sitamruhusu anikate mpaka anipime kwa mkono kwanza. Akisema yupo, narudi, na sitashika ufagio mpaka azaliwe."

Mama Nkuba aliyatazama yale mawingu. Kisha aliingia ndani akatoka amejifunga kilemba.

"Na wewe unakwenda wapi, mayu?" aliuliza Faustin.

"Kumlinda mjukuu wangu. Daktari akisogea na kisu, atanikuta mlangoni."

*

Basi lilikuwa limejaa kuku na wanafunzi wa chuo. Wakati huo watu walikuwa wanaanza kupenda treni ya Tazara, lakini treni haikuwa inapita walikokwenda. Mpaka Makambako Faustin alivumilia. Baada ya Makambako aligeuka rangi, na walipokaribia Nyololo aligonga ubavu wa gari kwa kiganja.

"Shusha! Shusha!"

Dereva alisimama. Faustin alishuka, na Mbuke, kwa kumwona tu mwenzake, akashuka nyuma yake. Walisimama kando ya barabara, bega kwa bega, wameinama, kila mmoja amemshika mwenzake mkono.

Kondakta alining'inia mlangoni. "Jamani, mwenye mimba hapa ni nani? Huyu au yule?"

"Wote wawili!" alijibu Mama Nkuba kupitia dirishani, kwa fahari.

Basi zima likalipuka. Mwanafunzi mmoja alisema hajasikia hilo katika somo la baolojia. Mama aliyekuwa na kuku alishuka na limau, akalikata kwa meno, nusu akampa Mbuke, nusu akampa Faustin.

"Nyonyeni, wanangu," alisema. "Mimi mume wangu hajanitapikia hata mara moja, na nimemzalia pacha."

Faustin alinyonya limau lake akitazama mashamba. Aliona aibu, lakini Mbuke alikuwa bado amemshika mkono, naye hakuutoa.

*

Dokta Liberatus alikuwa Mhehe mrefu, mwenye miwani na sauti ya kusinzia. Mama Nkuba alikataa kubaki barazani, na kwa kuwa nesi Benedicta hakuwa na nguvu za kumsukuma, aliachwa asimame ndani ya pazia, akitazama mikono ya daktari kama anayemtazama mwenye duka akipima sukari.

Daktari alipima kwa utulivu. Aliuliza, akabonyeza, akauliza tena. Mwishoni alinawa mikono.

"Hakuna mimba, mama," alimwambia Mbuke.

Mbuke alikuwa amejiambia safari nzima kwamba huenda isiwepo. Lakini kujiambia ni kitu kimoja. Aliufunika uso kwa kanga. Mama Nkuba, aliyekuja kupigana, alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamshika mguu.

Kisha aliinua kichwa. "Dokta, samahani. Kama huyu hana kitu, yule mwanangu nje anatapikia nini?"

"Nani anatapika?"

"Mumewe! Anatapika kuliko mke! Anatapika kijiji kizima kinajua!"

Dokta Liberatus alimtazama Benedicta. Benedicta alikwenda getini mwenyewe na, kwa mara ya kwanza katika kliniki ile, akamvusha mwanamume ua wa kina mama. Wanawake kwenye foleni waligeuka wamtazame. Faustin alipita kati yao na koti lake, kama bwana harusi aliyekosea kanisa.

"Vua koti," alisema daktari.

"Nina homa, dokta."

"Vua shati pia."

Faustin alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akatazama dari. Akavua.

Mama Nkuba alisogea, akainama, akainuka. "Haya, Mungu wangu," alisema. "Hata mimi nilichelewa kuota matiti kuliko hivi."

"Tangu lini?" aliuliza daktari.

"Tangu… tangu nianze dawa."

"Dawa gani?"

"Hiyo hiyo yetu."

"Yenu?"

Sasa Mbuke alikuwa amefunua uso. "Nesi alisema viwili kila siku, dokta. Kimoja changu, kimoja chake."

Benedicta alikaa chini bila kuangalia kama pana kiti. Bahati ndoo ilikuwepo, imefunikwa. Dokta Liberatus alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mabega yake yalianza kutikisika. Alijaribu kugeukia dirisha, lakini kicheko kilimtoka puani kwanza, halafu kikamtoka chote. Mama Nkuba alidakia. Benedicta alijifunika na faili la mgonjwa. Mbuke, ambaye machozi yake yalikuwa bado mashavuni, alianza kucheka bila kuyafuta, na Faustin, kifua wazi katikati ya chumba, alitazama mmoja mmoja mpaka akashindwa na yeye.

"Nisamehe, bwana," alisema daktari alipopata pumzi. "Dawa hii ni nguvu ya kike. Mwanamke inamnenepesha kizazi. Wewe huna kizazi, ikatafuta mahali pa kukaa."

"Itaondoka?"

"Itaondoka ukiacha. Taratibu."

"Kosa ni langu," alisema Benedicta. "Nilisema viwili, sikusema vya nani."

"Si kosa la mtu," alisema daktari. "Hapa waume wengi siwaoni hata getini. Huyu amekuja na kifua kabisa." Kisha alimgeukia Mbuke, na sauti yake ya kusinzia ikaamka. "Lakini mama, maana yake wewe umekula nusu. Ngozi ya ndani haijashiba. Nikikata leo, kuta zitashikana tena, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Siwezi."

Kicheko kilikwisha kama maji yaliyofungiwa lango.

"Mpaka mwakani?" aliuliza Mbuke.

"Ndiyo zamu yangu ya huku."

Faustin alilishika shati lake bila kulivaa. "Dokta, mimi ndiye niliyekula chakula chake," alisema. "Niadhibu mimi."

Lakini Mbuke alikuwa amekaa sawa kitandani, anafikiri. "Dokta, kutoka hapa unakwenda wapi?"

"Upande wa Njombe. Kuna hospitali nyingine."

"Na ukitoka Njombe unarudi kwa barabara ipi?"

"Hii hii."

"Sisi ni wakulima wa mpunga. Maji yakifika nusu jaruba, hatuliachi mpaka msimu mwingine. Tunakaa pale pale mferejini, tunazibua, tunangoja yajae. Mimi sirudi nyumbani. Nitakaa hapa nimeze vyangu, vyote viwili. Ukipita unitazame. Ukiona bado, uende zako, sitakulaumu."

Daktari alimtazama Benedicta. "Kitanda kipo?"

"Kikikosekana, atalala kwangu," alisema Benedicta.

"Na mimi," alisema Mama Nkuba, "ndiye nitakayeshika chupa."

*

Aliishika kwelikweli, imefungwa kwenye pindo la kanga. Kila asubuhi alimsimamisha Mbuke mbele yake, akamwona anameza, akamwambia afungue kinywa, anyanyue ulimi. Kisha alimgeukia Faustin.

"Na wewe, fungua."

"Mayu, mimi sijapewa kitu."

"Fungua nione. Mwizi hana adabu."

Faustin alifungua, na wauguzaji wote, ndugu wa wagonjwa waliokuwa wakipika jikoni, wake kwa waume, waliacha masufuria yao waje kumtazama. Walimwita Mama Kijacho. Walimtania akipita na kuni: "Usibebe mzigo, Mama Kijacho, utajidhuru!" Mzee mmoja kutoka Kilolo alimletea uji wa ulezi akisema unasaidia maziwa. Siku za kwanza alikasirika. Baadaye kichefuchefu kilipomwacha, akaanza kula kama mtu aliyetoka gerezani, hakuwa tena na nafasi ya kukasirika. Aliunywa ule uji, akaomba mwingine.

Sasa ilikuwa zamu ya Mbuke. Alitapika asubuhi, akatapika mchana, na Faustin alishika beseni.

"Pole, mwenzangu," alisema. "Naijua. Ukinyonya limau inapungua. Usinuse sabuni ya kipande."

"Nani mwingine angeniambia hivyo?" alisema Mbuke kati ya pumzi, akicheka, kisha akatapika tena.

Gari la Dokta Liberatus liliingia likiwa na matope mpaka kwenye vioo. Alimpima Mbuke, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akaagiza maji yachemshwe. Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa, Faustin alisimama mbele yake mpaka alipoambiwa aondoke, akasogea hatua chache akasimama tena. Mama Nkuba, aliyeapa kumzuia mwenye kisu, alikaa chini ameshika rozari ya mgonjwa mwingine, ingawa hakuwa Mkatoliki.

Daktari alitoka akivua glavu. "Kuta zimeachana. Nimemwekea kitanzi ndani, kikae miezi kadhaa."

Mama Nkuba aliruka. "Kitanzi? Kile cha kuzuia watoto? Dokta, tunangoja mgeni, wewe unafunga mlango?"

"Nimeweka kigingi, mama, ili mlango usijifunge wenyewe wakati kidonda kinapona. Kikipona, kitatolewa. Na atameza vidonge vingine, awamu ya pili." Alimgeukia Faustin. "Yeye."

"Yeye," alisema Faustin.

"Mimi nimefanya kazi yangu. Kama kizazi kimeamka, damu itakuja vidonge vikiisha. Isipokuja…" Hakumalizia. Alimpa Faustin mkono, kisha, akikumbuka vile vidonge viwili, akampa na wa pili.

*

Kijijini waliambiwa kwamba mimba haikuwepo. Regina alirudi kusema "yule dada." Kiti cha mgongo kilirudishwa kwa wageni, na hakuna aliyeleta maini. Mbuke alimeza vidonge vyake peke yake mpaka chupa ikaisha, kisha akangoja. Aliungana na wanawake wenzake majarubani kupandikiza mpunga, maji yakiwa magotini, na kila jioni alipanda kutoka majini akajitazama, akaenda kulala bila kusema. Faustin hakumuuliza. Alikuwa ameacha kuvaa koti, na hilo peke yake liliwapa watu kitu kingine cha kuzungumza.

Siku ile alikuwa katikati ya mstari, mche mkononi, alipohisi tumbo la chini linakaza. Alidhani ni kuinama. Likakaza tena, zito, la zamani, analolijua. Aliachia mche ukaelea, akatoka majarubani bila kumuaga mtu yeyote, akapita nyuma ya kichaka, na alipotoka alikuwa anakimbia. Alikimbia tutani kote na matope yake, akaingia ua wa Mama Nkuba, akamshika masikio yote mawili, akamnong'oneza.

Mama Nkuba alimsukuma kidogo amtazame usoni. "Kweli?"

"Kweli, mayu. Na linauma!"

Vigelegele vilivyotoka hapo vilivuka mto. Faustin aliacha ng'ombe wajichunge. Alimkuta mkewe amekaa chini ameshika tumbo, anacheka na kusema "aah, aah," na mama yake akicheza kumzunguka. Akaelewa bila kuambiwa, akageuka moja kwa moja kwenye banda la mbuzi, akatoka akimvuta beberu kwa pembe.

Watu walikuja kwa wingi: Danieli wa mashineni, Regina, wanawake wa majarubani na matope yao, na Mzee Kalinga akihema, ameegemea fimbo. Walimkuta mbuzi ameshachinjwa, na hawakuona bibi harusi wala mtoto.

"Mama Nkuba," alisema Kalinga, "mimi ni balozi, lazima nijue. Hii sherehe ni ya nini?"

Mama Nkuba aliacha kucheza. Kulikuwa na wanaume pale, na jambo lenyewe halisemwi mbele ya wanaume. Alitazama upande wa Mbuke, aliyekuwa amejikunyata ukutani, ameuma kanga ili asicheke.

"Mkwe wangu tumbo linamuuma," alisema.

Watu walitazamana. Kalinga alivua kofia. "Lo, poleni. Poleni sana."

"Tumeshapoa, mzee," alisema Mama Nkuba, akimvuta aingie mchezoni. "Tuombeeni limuume tena mwezi ujao!"